Jino la Pembe

Wazee wa pwani wametuachia methali isemayo kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, na ijapokuwa methali hiyo aghalabu hutamkwa na mtu aliyefiwa au aliyeachwa, anapotaka kuwaonyesha wanaomliwaza kwamba kilichotoka hakirudi kwa kuwekewa badali, mimi kila niisikiapo humkumbuka mtu ambaye kwake jino la pembe halikuwa fumbo wala mfano. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliapishwa mwaka 1789 akiwa amesaliwa na jino moja tu la kuzaliwa nalo, na meno yake ya bandia, ambayo hata leo watoto husimuliwa kuwa yalikuwa ya mti, yalitengenezwa kwa pembe ya kiboko pamoja na madini na meno ya binadamu wengine. Nayo yalimtaabisha mno, hata akawa akimwandikia tabibu wake kulalamika kwamba yanamsukuma midomo nje. Kinywa kilikuwa chake, na maneno yaliyotoka yalikuwa yake, lakini namna ya kuyatamka ilikuwa imekwisha kukadiriwa na kile kilichotiwa ndani.

Nimeanza na kinywa cha mkubwa huyo kwa kuwa jambo nitakalo kulizungumza latokea huko huko kwao, nalo ni habari ya matabibu wa meno, siasa zao, na mali ya makampuni yanayowashika mkono katika siasa hizo. Jumuiya ya Matabibu wa Meno ya Marekani iliasisiwa mwaka 1859 na watu 26 waliokutana Niagara Falls katika jimbo la New York, wakati ambapo kung'oa jino ilikuwa bado kazi ya kinyozi na ya mpita njia mwenye koleo, na leo ni miongoni mwa jumuiya kubwa za kazi za kitaalamu nchini humo, yenye makao Chicago na ofisi Washington ya kuwasemea wanachama mbele ya watunga sharia. Ina pia mfuko wake wa kisiasa, ujulikanao kwa jina la ADPAC, unaochangiwa na matabibu wenyewe na kutoa fedha kwa wagombea wa viti vya Kongresi.

Msomaji huenda akauliza, tabibu wa meno na siasa wapi na wapi? Jawabu ni kwamba ziko kazi chache zilizozungukwa na sharia kila upande kama hii. Sharia ndiyo isemayo nani aruhusiwe kutia kidole katika kinywa cha mwenzake na nani akatazwe. Sharia ndiyo ikadiriayo bima ilipe nini na serikali ilipe nini. Na sharia ndiyo itozayo kodi kiti anachoketishwa mgonjwa na mashine inayotoboa gego lake. Tabibu asiyekuwa na msemaji mahali sharia zinapoandikwa huamka asubuhi akakuta kazi yake imegawanywa usiku alipokuwa amelala, na kwa hiyo sitaungana na wale wanaodhani kwamba mwenye taaluma akisogea karibu na siasa amejitia najisi. Wengine wamesogea mpaka wakaingia ndani kabisa: Mike Simpson wa Idaho, aliyetibu meno pamoja na baba yake katika mji mdogo wa Blackfoot, na Paul Gosar wa Arizona, aliyeshika kazi hiyo miaka kiasi cha 25, wote wawili wamekuwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi.

Tatizo huanza pale gharama za msemaji zinapozidi mfuko wa wanaosemewa, ndipo pengo linapoonekana na jino la pembe likaletwa. Tangu mwaka 1907, zama za Theodore Roosevelt, sharia ya Marekani imezikataza kampuni kutoa mali yao kumpa mgombea wa kiti cha taifa, na mfuko wa kisiasa wa namna ya ADPAC hauruhusiwi kupokea kwa mtu mmoja zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka, wala kumpa mgombea mmoja zaidi ya kiasi hicho hicho kwa kila uchaguzi. Lakini sharia hiyo hiyo, kama nyumba yenye mlango mkubwa wa mbele na kijilango cha uani, imeacha kwamba gharama za kuuendesha mfuko, yaani mishahara ya makarani, karatasi, posta, na shughuli ya kuwaomba wanachama wachange, zaweza kulipwa na jumuiya yenyewe na makampuni yaliyo wanachama wake. Juu ya hayo, mwezi wa Januari 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kampuni na vyama vya wafanyakazi vyaweza kutumia mali bila ya mpaka katika kampeni, mradi visipatane na mgombea mwenyewe. Hivyo dola ya kampuni haiingii mkononi mwa mwanasiasa, bali huitoa dola ya tabibu katika kazi ya kununua wino ili iende ikaingie. Mwanasharia ataniambia kwamba tofauti hiyo ni kubwa, nami namwamini. Ila mama yangu, ambaye aliendesha nyumba ya watu tisa kwa mshahara mmoja, angeniambia kwamba anilipiaye mkaa amekwisha kunipa na unga.

Insafu hata hivyo yatulazimisha kukiri kwamba zipo siku ambazo haja ya kampuni na haja ya tabibu huwa moja, na haja ya mgonjwa ikawa pamoja nazo. Sharia kubwa ya tiba ya mwaka 2010, ile ya Rais Obama, iliweka kodi ya asilimia 2.3 juu ya vifaa vya utabibu, na vya meno vikiwamo. Ikaanza kutozwa mwaka 2013, ikasimamishwa mwaka 2016, na mwishowe ikafutwa Desemba 2019. Waliotengeneza mashine waliipinga kwa sababu iliwapunguzia faida, matabibu wakaipinga kwa sababu iliwapandishia bei, na mgonjwa, ambaye hakuna aliyemuuliza, alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuichukia, maana kodi ya kifaa haikai dukani bali husafiri mpaka ikafika katika hesabu ya mwisho. Katika shauri la namna hiyo kampuni na jumuiya zikiketi meza moja sioni aibu yoyote, na anayeona aibu hapo nadhani anatafuta malaika katika soko.

Tena ziko siku ambazo matabibu husimama dhidi ya mabwana wa mali, wala si pamoja nao. Kwa sharia ya mwaka 1945 kampuni za bima za Marekani zilikuwa zimepewa kinga dhidi ya sharia za taifa zinazokataza wafanyabiashara kula njama katika bei, na kinga hiyo, kwa upande wa bima za siha na za meno, iliondolewa kwa mswada ulioungwa mkono na huyo Gosar niliyemtaja, uliotiwa saini na Rais Trump Januari 2021. Mwaka uliofuata, katika jimbo la Massachusetts, wananchi waliulizwa kwa kura kama wanataka kampuni za bima ya meno zilazimishwe kutumia angalau senti 83 za kila dola wanayoikusanya kwa matibabu ya wateja wao, badala ya kuitumia kwa ofisi, matangazo na mishahara ya wakubwa. Jumuiya ya matabibu ilitia mamilioni ya dola upande wa ndiyo, kampuni za bima zikatia mamilioni upande wa hapana, na raia wa kawaida, aliyekuwa amekaa mbele ya televisheni yake akitazama mafahali wawili wakipigana juu ya nyasi, alipiga kura ya ndiyo kwa zaidi ya asilimia 70. Mimi nadhani alichagua vyema. Lakini nadhani pia kwamba hakuna aliyemwambia kwa ukamilifu kwamba tabibu naye, bima ikilipa zaidi, hulipwa zaidi.

Sasa nije kwenye sukari, ambako ndiko moyo wangu uliko. Mwaka 2003 jumuiya ya matabibu wa meno ya watoto huko Marekani, hao hasa ambao kazi yao ni vinywa vya wadogo, ilikubali dola milioni 1 kutoka kwa Coca-Cola kwa ajili ya utafiti na elimu. Makelele yalikuwa makubwa, na katika kujibu makelele hayo kiongozi wa jumuiya alieleza kwamba ushahidi wa elimu juu ya nafasi hasa ya vinywaji hivyo katika maradhi ya meno ya watoto haukuwa bayana. Sina sababu ya kudhani kwamba bwana huyo alinunuliwa. Huenda alikuwa akisema kwa uaminifu wa mtaalamu apendaye kupima kila neno, na ni kweli kwamba jino huozeshwa na mambo mengi. Lakini itazame hali ilivyo. Bibi yeyote wa Lamu au wa Bagamoyo ajua kumwambia mjukuu wake kwamba halua nyingi itamtoboa meno, na mtaalamu aliyesoma miaka kumi akawa, katika mwaka alipopokea fedha hizo, ndiye mwenye shaka.

Na hapa ndipo niwaombapo wasomaji wanivumilie, kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya mali ya kampuni katika shughuli za taaluma huwaza bahasha iliyopitishwa chini ya meza, na wasipoiona bahasha hudhani hakuna kilichotokea. Uovu mkubwa zaidi, nionavyo mimi, haumo katika yale yanayosemwa kwa sababu ya hisani bali katika yale yasiyosemwa. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa ukilambwa, ulimi huwa na kazi, usiweze wakati huo huo kunena. Hakuna anayemwambia rais wa jumuiya asizungumze juu ya sukari. Ila agenda ya mwaka ikiandaliwa, na mambo yakiwa kumi, na nafasi ikiwa ya matano, jambo litakalomchukiza mfadhili huteleza polepole mpaka likafika la sita.

Ushahidi wa namna mambo yanavyoteleza ulitoka katika makabrasha ya zamani. Tabibu mmoja wa meno wa Marekani, Cristin Kearns, aliacha kazi ya kliniki akaingia katika kutafuta nyaraka za kiwanda cha sukari, na mwaka 2015, pamoja na wenzake wawili, alichapisha habari ya nyaraka 319 zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Illinois. Nyaraka hizo zaonyesha kwamba wafanyabiashara wa sukari walijua tangu mwaka 1950 kuwa bidhaa yao yaharibu meno, na kwa kuwa hawakuweza kulikanusha, waliamua kulizunguka: wakagharimia utafiti wa chanjo ya kuzuia kuoza kwa meno, na wa vimeng'enya vya kuuvunja utando unaogandamana juu ya jino, ili watu waendelee kula sukari ile ile na meno yabaki. Serikali ilipoanzisha mradi wake mkuu wa kupambana na kuoza kwa meno mwaka 1971, asilimia 78 ya yale ambayo wenye sukari walikuwa wamependekeza ilionekana katika tangazo la serikali la kuwaita watafiti. Utafiti ambao ungewadhuru, ule wa kupima ni vyakula gani vinavyoozesha zaidi, ukawekwa kando. Chanjo yenyewe, kama ajuavyo kila mwenye gego bovu, haijafika mpaka leo.

Nalitaja jambo hilo, ingawa halikuhusu mfuko wa kisiasa wa jumuiya yoyote, kwa sababu lina sura ile ile: hakuna aliyesema uongo kwa ukali, watu wote walikuwa na adabu, na swali moja tu ndilo lililokosa mtu wa kuliuliza. Tena nisije nikaonekana nawahukumu watu wote kwa kosa la baadhi, matabibu wa meno wa California mwaka 2018, baada ya wenye soda kulibana bunge la jimbo hata likazizuia wilaya na miji kuweka kodi mpya ya vinywaji vyao mpaka mwaka 2031, waliungana na madaktari wenzao wakatangaza kwamba watapeleka kodi hiyo kwa kura ya wananchi wote wa jimbo. Kura haikufika. Lakini hao walisema, na waliweza kusema kwa kuwa katika shauri hilo hawakuwa na mfadhili wa kumwonea haya.

Ingekuwa dhuluma pia kuwatwika wafanyabiashara mzigo wote, kana kwamba jumuiya ya wataalamu ikiachwa peke yake, na fedha zake safi, haitazami ila maslahi ya mgonjwa. Huko Alaska, ambako vijiji vya wenyeji vimetawanyika mahali pasipofikiwa ila kwa ndege ndogo au mashua, wenyeji waliwapeleka vijana wao New Zealand mwaka 2003 wakajifunze kuziba na kung'oa meno, wakarejea kuwa matabibu wasaidizi katika vijiji vyao. Jumuiya ya Marekani na ile ya jimbo ziliwashitaki mwaka 2006 kwa hoja kwamba wanatibu bila ya leseni, na zikashindwa. Hapakuwa na kampuni ya sukari katika kesi hiyo, wala ya dawa ya meno. Palikuwa na hofu tu ya mwenye kazi kuona kazi yake ikishikwa na mwingine, hofu iliyovishwa kanzu ya usalama wa mgonjwa. Msomaji wa Tanzania, ambaye pengine tangu utotoni hakuwahi kutibiwa jino ila na tabibu msaidizi wa kituo cha afya cha wilaya, ataishangaa kesi hiyo kuliko mwingine yeyote. Na mwaka 2021, ilipopendekezwa kwamba bima ya serikali ya wazee, ambayo tangu kuanzishwa kwake 1965 imeyaacha meno nje kana kwamba kinywa si kiungo cha mwili, iwalipie wazee wote matibabu ya meno, jumuiya ilisimama kuupinga mpango huo, ikataka wasaidiwe wenye kipato kidogo tu.

Kwa hiyo nisemapo kwamba jumuiya ijitegemee kwa mfuko wake katika siasa, sisemi kwamba itakuwa na uadilifu kwa kufanya hivyo. Nasema tu kwamba makosa yake yatakuwa yake, yatajulikana kuwa yake, na raia akiisikia ikisema atajua ni nani anayesema. Jumuiya ikishauri juu ya leseni, raia atapima kwamba hapa pana choyo. Ikishauri juu ya sukari, atapima kwamba hapa haina choyo, na ataisadiki. Imani hiyo ya pili ni mali ambayo matabibu hawana haki ya kuikodisha, maana haikutokana na ada za wanachama bali ilitokana na miaka na miaka ya wagonjwa kufumbua vinywa vyao mbele ya watu wasiowajua. Kiwanda chajua thamani yake vizuri kuliko wenyewe: mwaka 1960 jumuiya hiyo ilipotamka kwamba dawa ya meno ya Crest inazuia meno kuoza, mauzo yaliruka mpaka ikawa ya kwanza nchini, na tamko hilo lilikuwa la haki, lilisimama juu ya majaribio. Basi ikiwa neno la kweli la matabibu lina faida kiasi hicho, ni wazi kwamba hata kunyamaza kwao kuna bei.

Kwetu Afrika Mashariki mifuko ya kisiasa ya matabibu haijawa jambo la kuzungumzwa barazani, lakini pengo lipo, tena ni pana, na pembe inaletwa. Tumefika mahali ambapo mtoto anayetumwa dukani huomba Kolgeti, naye akapewa dawa ya kiwanda kingine kabisa asione tofauti, maana jina la kampuni limekwisha kuwa jina la kitu. Viwanda vya dawa za meno vimeingia madarasani kuwafundisha watoto kupiga mswaki, na huko juu Shirikisho la Matabibu wa Meno la Dunia limeshirikiana na Unilever tangu mwaka 2005. Wala siwezi kusema kwamba mtoto aliyefundishwa kupiga mswaki amedhulumiwa. Ila nimetambua kwamba mswaki wenyewe, ule mti ambao umekipa jina lake hata kile cha plastiki, ambao huuzwa kwa vifungu nje ya misikiti ya Mombasa na Unguja na wazee wasiokuwa na ghala wala tangazo, sijausikia ukitetewa katika jukwaa lolote la wataalamu. Pengine haustahili kutetewa, na pengine wastahili; mimi si tabibu. Ninachosema ni kwamba hauna mtu wa kulipia ukumbi.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa katika mkutano wa matabibu wa meno, na mji siutaji kwa sababu wenyeji wangu walinikirimu. Kila kiti kilikuwa na mkoba mzuri wenye jina la kiwanda cha dawa ya meno, na mabango ya wafadhili yalizunguka ukumbi kama mapambo ya arusi. Tulisikiliza hotuba juu ya upungufu wa vifaa, juu ya ada za leseni, juu ya bima kuchelewa kulipa, na zote zilikuwa za haki. Karibu na mwisho kijana mmoja, bila shaka aliyekuwa ametoka chuoni karibuni, kwa kuwa alisimama wima kama anayetoa jawabu darasani, aliuliza kwa nini jumuiya haijapeleka waraka wizarani kuomba ushuru wa vinywaji vya sukari uongezwe. Mwenyekiti alimshukuru sana, akalisifu swali, akasema ni la maana mno hata halifai kujibiwa kwa haraka, na kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha angeomba liachiwe kikao kijacho. Kisha akatukaribisha nje, ambako chini ya turubai lenye nembo palikuwa na masanduku ya barafu yaliyojaa soda za bure, na foleni ikawa ndefu. Joto lilikuwa kali siku hiyo. Nami nilichukua ya machungwa, na nilipoimaliza nikaomba ya pili.